Kuvuta Kuni

Mtu asiyewahi kukaa katika jiko linalopikwa gongo hudhani kwamba kazi kubwa ya mpishi ni kuchochea moto. Kumbe kazi kubwa ni kuvuta kuni. Ukimtazama mwanamke anayeijua kazi hiyo utamwona ameketi kwenye kigoda, uso wake ameuelekeza kwenye bomba na wala si kwenye mafiga, na kila baada ya kitambo anakishika kijinga kimoja kwa upande usioungua na kukirudisha nyuma kiasi cha vidole vinne. Kisha anasikiliza. Matone yakianguka moja moja anaridhika. Yakianza kufuatana kama uzi, anavuta tena. Ni kazi ya kuzuia, na saa nyingi hupita bila ya mtu kuonekana kuwa anafanya lolote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia na si mnywaji. Lakini ada yangu ya sekondari ililipwa kwa gongo, na ndugu msomaji ningependa ulijue hilo tangu mwanzo, usije ukadhani nayasimulia mambo niliyoyaona kwa mbali. Swali ninalotaka kulitafakari hapa limenikaa kooni kwa zaidi ya miaka thelathini. Je, mtu anaweza kuwa mwadilifu ndani ya kazi ambayo yenyewe ina doa? Na kama anaweza, uadilifu huo unamsaidia nani?

Shangazi yangu alikaa upande wa Kamachumu, wilaya ya Muleba, katika kibanja cha ukoo. Alikuwa amerudi kwa ndugu zake baada ya kufiwa na mume, akapewa sehemu ya chini yenye migomba na mibuni michache, ya kulima na kula lakini si ya kuuza. Mimi niliishi kwake kwa sababu wazazi wangu hawakuwapo tena. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka katika nchi zote zinazolima zao hilo. Kwetu Kagera, ambako kahawa ndiyo iliyokuwa ikijenga nyumba za bati na kupeleka watoto shule, mwaka uliofuata ulikuwa wa kuuma meno.

Mwaka huohuo wa 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitoa hukumu katika shauri lililoanzia huku kwetu Muleba. Mwanamke aitwaye Holaria Pastory alikuwa amerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo inabagua, na kwamba mwanamke anayo haki ileile aliyo nayo mwanamume. Nilikuja kuisoma hukumu hiyo nikiwa mtu mzima. Nilipoona kwamba ni shauri la shangazi na mtoto wa ndugu yake, niliacha kusoma kwanza nikatazama dirishani. Mwaka ule mtoto mwingine wa kaka, yaani mimi, alikuwa akimbebea shangazi yake maji, kwa sababu hakuwa na shamba la kuuza na kilichobaki mikononi mwake kilikuwa ni pipa na bomba.

Rubisi kila mtu anaijua. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa, hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi huchujwa, hutiwa mtama uliosagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na siku ya pili ni pombe. Kukanyaga ni kazi ya wanaume kwa desturi yetu, kwa hiyo mimi na binamu yangu ndio tuliokanyaga. Rubisi ni kinywaji cha heshima. Posa haiendi bila rubisi, wala matanga hayaishi bila rubisi. Sasa ichukue rubisi hiyohiyo, uitie ndani ya pipa, ufunike, uzibe kwa unga wa mtama uliokandwa, upitishe bomba la shaba katika mtumbwi wa maji baridi, uwashe moto. Kitakachodondoka upande wa pili ni enkonyagi kwa Kihaya, gongo kwa Kiswahili cha mtaani, na kwa lugha ya sheria ni moshi. Sheria ya mwaka 1966 iliita hivyo, Sheria ya Moshi, na iliharamisha kuipika, kuiuza na hata kukutwa nayo. Tofauti kati ya kinywaji cha harusi na kinywaji cha kizimbani ni moto tu. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Waganda walio na migomba kama yetu nao walitungiwa sheria yao katika miaka hiyohiyo, ila wao walionjeshwa njia ya leseni, wapikaji wa enguli wakatakiwa kuuza kwa kiwanda kilichoisafisha upya na kuitia katika chupa yenye nembo.

Kamusi zina neno kukeneka kwa kazi hii. Sijawahi kumsikia mtu wa Kamachumu akilitamka. Tulisema kupika.

Basi kuhusu moto wenyewe. Niliposoma fizikia ndipo nilipoelewa kwa nini shangazi alikuwa akivuta kuni, ingawa yeye alikuwa amekwisha kuelewa kabla sijazaliwa. Watu wengi, hata waliosoma, huamini kwamba ukiongeza kuni unaongeza joto la kilichomo ndani ya pipa, na ukipunguza unalishusha, hivyo mpishi hodari ni yule anayeliweka joto mahali ambapo pombe inachemka na maji hayachemki. Si kweli. Pombe kali tupu huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100, hapo ni usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na maji yakiwa ufukweni Bukoba huchemka kwenye nyuzi 96 tu. Lakini rubisi si pombe tupu wala si maji matupu, imechanganyika, na mchanganyiko una joto lake wa kuchemkia, kwetu kama nyuzi 90 hivi, na joto hilo hupanda polepole kadiri ukali unavyotoka. Mradi pipa lina njia ya kutolea mvuke, hakuna kuni duniani zitakazolipandisha juu ya hapo. Weka vijinga viwili, weka kumi, mchemko ni uleule.

Kinachobadilika ni haraka. Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1760, na kwa kuwa Uskochi ni nchi ya wiski wapikaji wa huko walikuwa na sababu ya kumsikiliza. Alionyesha kwamba maji yakishafikia kuchemka hunywa joto jingi sana bila kupanda joto hata kidogo, na joto hilo lote hutumika kuyageuza kuwa mvuke. Ni zaidi ya mara tano ya joto lililotumika kuyatoa kwenye baridi ya barafu mpaka kuchemka. Kwa hiyo kila kuni unayoiongeza haipotei, inageuka kuwa mvuke mwingi zaidi kwa dakika. Moto ukiwa wa taratibu, sehemu ya mvuke huo, na hasa ile ya maji, hugusa kuta za juu za pipa, hupoa, hurudi chini, na kinachovuka kwenda kwenye bomba ni kikali na safi. Moto ukiwa mkubwa kila kitu huondoka pamoja, maji, povu, machicha ya mtama, na harufu ya kuungua kutoka chini ya pipa.

Na kuna upande wa pili ambao vitabu vya shule huutaja kwa mstari mmoja. Joto lote lile ambalo mvuke ulilinywa ni lazima litemwe ndani ya mtumbwi ili mvuke uwe tone. Nimewahi kulipigia hesabu darasani bila kuwaambia wanafunzi nilikolitoa. Ukitaka maji ya mtumbwi yasipande zaidi ya pale mkono unapoanza kuungua, kila lita moja ya gongo inadai lita kumi hivi za maji baridi. Ndoo moja kwa kila lita mbili. Chemchemi yetu ilikuwa bondeni, kwa kuwa vijiji vya Kihaya hukaa juu ya mgongo wa kilima na maji hukaa chini, na aliyekuwa akishuka na kupanda na ndoo hizo ni mimi. Ukubwa wa moto wa shangazi ulipimwa kwa miguu yangu. Nisingekuwapo, angepika nusu.

Si mbali na hapo, Kemondo, upande wa Bukoba, wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walichimba tanuri za kale za chuma, na mwaka 1978 wakaandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa huku walikuwa wakitengeneza chuma kigumu yapata miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita, kwa kupitisha upepo wa mivukuto katika mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya tanuri, ukapata joto kabla ya kugusa mkaa. Tumezoea kulitaja jambo hilo kwa majivuno, na mimi pia nimelitaja mara nyingi mbele ya wanafunzi. Sijui kama mhunzi yule aliwahi kuulizwa mkuki wake utakwenda wapi. Nadhani aliulizwa tu kama umenyooka.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Julai 1990. Kila mtu wa rika langu anaikumbuka kwa sababu Kamerun ilikuwa ikicheza na Uingereza kule Italia, robo fainali ya Kombe la Dunia, na Afrika nzima ilikuwa imeshika redio. Kwetu mpira ulikuwa uanze saa nne usiku. Dukani njia panda palikuwa na redio ya betri, na vijana wote walikwenda huko. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile, na mimi, wa kidato cha pili, nilidaiwa ada ya muhula katika shule ya binafsi. Pipa la jioni ile ndilo lililokuwa ada.

Shangazi aliitwa kwa jirani aliyekuwa mahututi. Akaniachia kigoda. Aliniambia maneno mawili tu, nisisogeze koroboi karibu na bomba, na nisiwe na haraka. Koroboi ilikuwa ikitundikwa mlangoni siku zote, hatua sita kutoka kwenye mtambo, na tulipikia katika giza nusu. Nilikuwa nikidhani ni woga wa kuonekana na mgambo.

Saa tatu pipa lilikuwa halijafika hata nusu ya kazi. Nikahesabu matone, nikahesabu dakika. Nikachukua magogo matatu makavu ya mkaratusi nikayasukuma ndani mpaka mwisho. Mkaratusi mkavu hauna subira kama mbuni, unawaka wote kwa pamoja. Kwa muda nilijiona mwerevu. Matone yakawa uzi, uzi ukawa mkondo mwembamba, chupa zikajaa kwa zamu. Nikaona nitakwenda kusikiliza hata kipindi cha kwanza. Kisha maji ya mtumbwi yakaanza kutoa mvuke. Nilijua kilichotakiwa, ndoo nne za maji mapya, lakini bondeni usiku, peke yangu, na saa zinakwenda, sikutaka. Mdomo wa bomba ukaanza kupumua. Si tone tena, ni pumzi, nyeupe na kali, inachoma macho. Unga ulioziba kifuniko ukapasuka upande mmoja na pumzi ileile ikatokea hapo. Nilivuta magogo kwa mikono miwili nikaungua viganja. Kama koroboi ingekuwa karibu, nisingekuwa nikiandika insha hii. Sheria ile ya hatua sita haikuwa na uhusiano wowote na mgambo.

Shangazi alirudi kama saa tano. Nadhani alinusa kutoka kwenye miti ya mpakani. Hakunichapa. Alionja chupa ya kwanza, akaonja ya tano, akazishika mbele ya mwanga, zilikuwa na ukungu. Akaniuliza, "Mpira umeishaje?" Nikamwambia sijui, sikwenda. Basi akaanza kuzimimina zote ndani ya pipa, moja baada ya nyingine, chupa kumi na mbili.

Nikasema neno ambalo bado linanitia aibu. "Shangazi, kwani nani angejua? Walevi hawa watakunywa tu."

Akasema, "Ndiyo maana."

Asubuhi alipika upya kwa moto wake. Zilitoka chupa tano nzuri, nyingine zilikuwa zimekwenda hewani. Ada haikutimia. Nilirudishwa nyumbani kwa wiki mbili mpaka alipouza majamvi na maharage ya kuongezea. Kamerun walifungwa mabao matatu kwa mawili, baada ya muda wa nyongeza.

Nimelitafuna jibu lile kwa miaka mingi. Ndiyo maana. Mnunuzi wa gongo hana mahali pa kushitaki. Hawezi kwenda ofisi yoyote akasema nimeuziwa mbovu, maana atakamatwa yeye kwanza. Hakuna mkaguzi, hakuna nembo, hakuna tarehe. Mlevi mwenyewe ulimi wake umekufa. Katika kazi halali, uaminifu wetu mwingi umeegemea kitu kingine: mwalimu ana mkaguzi, daktari ana baraza, mwuza nyama ana mhuri wa bluu juu ya paja la ng'ombe. Ondoa vyote hivyo uone kinachobaki. Kwa shangazi kilichobaki ni mkono uliovuta kuni gizani, na mtu wa pekee aliyejua kama umevuta au haukuvuta ni mwenye mkono. Nimefanya kazi miaka thelathini katika utumishi wenye kanuni nyingi, na sijaona uadilifu ulio wazi kuliko ule niliouona katika jiko lililokuwa linavunja sheria. Hapo nilipata jibu la swali langu la kwanza, nikaridhika nalo kwa muda mrefu, pengine kwa sababu lilinisafisha na mimi.

Lakini lipo swali la pili.

Palikuwa na fundi baiskeli pale njia panda, mtu mpole, mikono myeusi kwa grisi, mwenye mke na watoto wanne. Alikuwa mteja wa shangazi. Jioni moja ya mwaka 1991 mkewe alikuja na mtoto mgongoni. Alipiga goti kusalimia kama inavyopasa, akakaa chini kwenye nyasi alizotandika shangazi, wakazungumza habari za mvua na za wagonjwa, na mwisho akasema, "Ma, naomba umnyime."

Shangazi alikaa kimya kitambo. Akamjibu, "Mwanangu, nikimnyima mimi atakwenda kule bondeni. Unajua kule wanavyopika."

Mke alijua. Kule walichochea. Walitumia bomba lililotolewa katika rejeta ya gari, lenye risasi kwenye maungio yake, na kila mtu alijua kwamba kinywaji chao kinaumiza tumbo. Hoja ya shangazi ilikuwa ya kweli. Mke hakuwa na la kujibu, akaaga.

Nataka nikae kidogo kwenye hoja hii, maana inatembea duniani kote. Akikosa kwangu atapata kwingine. Mwenye kiwanda cha sigara huisema, muuza silaha huisema, hata mwalimu anayeuza mtihani huisema. Tumezoea kuikataa papo hapo kwa sababu ya watu wanaoitumia. Lakini kwa shangazi haikuwa kisingizio kitupu, kwa sababu kweli chake kilikuwa bora, na kweli kule bondeni kulikuwa kubaya. Na hakuishia kwenye maneno. Tangu siku ile alimpimia yule fundi glasi moja ndogo ya chai kwa jioni moja, wala hakumkopesha, wala hakumwuzia chupa ya kubeba. Alikuwa akimvutia kuni. Nilimwona kwa macho yangu akimpokonya glasi ya pili kwa upole uleule aliorudishia kijinga nyuma.

Iliendelea hivyo kama mwaka na nusu. Kisha yule bwana alianza kumaliza glasi yake kwa shangazi na kuteremka bondeni kumalizia kiu. Hapo ndipo ufundi wa shangazi ulipofika mwisho wake. Kuni hazina pa kwenda kwingine, ukizivuta zinabaki pale ulipoziweka. Mtu ana miguu. Alikufa mwaka 1993, tumbo limejaa maji, na sisi tulikwenda kuzika, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne.

Haikuwa sumu. Nalisema hili kwa sababu watu huchanganya. Vifo vya ghafla vya watu wengi, kama vile vya Kabale, Uganda, mwaka 2010, vilivyoua watu zaidi ya 80, au vya Nairobi mwaka 2000 vilivyozidi 100, vilitokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa ndani ya pombe na wauzaji waliotaka kuongeza ukali kwa bei rahisi. Hakuna moto wa taratibu unaoweza kuleta au kuzuia unyama huo. Unaletwa na mkono mwingine, baadaye. Fundi baiskeli alikufa kwa pombe iliyo pombe. Sehemu yake aliinywa bondeni, na sehemu nyingine, iliyo safi, isiyo na ukungu, ilitoka katika pipa ambalo mimi nililibebea maji.

Nimejaribu kutafuta mahali pa kukata hesabu hiyo. Nimejiambia kwamba mtu mzima hujichagulia. Nimejiambia kwamba leseni ingeondoa tatizo, lakini viroba vilikuwa na leseni, vikapikwa kwa vipima joto vya kisasa katika viwanda vinavyolipa kodi, na mwezi Machi 2017 serikali ikavipiga marufuku kwa sababu ya jinsi vilivyokuwa vikiwamaliza vijana. Nimejiambia pia kwamba shangazi angefanya kazi nyingine. Ipi? Mashamba ya migomba ya pombe yenyewe yalikuja kushambuliwa na mnyauko ulioingia Muleba mwaka 2006, ndizi za kisubi na kayinja zikafa kwanza, na alipoacha kupika aliacha kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya sheria wala ya mahubiri. Wakati huo mimi nilikuwa nikimtumia fedha kila mwezi. Mshahara wa mwalimu, ambao chimbuko lake unalijua.

Shangazi alifariki mwaka 2014, akiwa amezeeka vizuri. Watu walikuwa wengi. Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jiko lile la zamani, nikiwaeleza vijana wawili habari za marehemu, na nikawasimulia usiku wa Kamerun, na zile chupa kumi na mbili. Nilisimulia vizuri, naogopa kusema, kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi. Vijana walitikisa vichwa kwa kustaajabia. Nikamalizia kwa kusema kwamba katika tarafa nzima hapakuwa na mpishi mwaminifu kama yeye.

Sikuwa nimemwona mjane wa fundi baiskeli. Alikuwa ameketi nyuma yetu, kwenye jamvi, amejifunga khanga nyeusi, na amekuwa mzee.

"Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Alikuwa mpishi mzuri. Mume wangu alianzia kwake. Alikuwa mwoga wa gongo, aliogopa itampofusha. Wakamwambia, ya huyu mama haina madhara."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha tarehe. Vijana wakatazama chini. Nilitaka kumjibu kuhusu ile glasi moja, kuhusu jinsi shangazi alivyompimia, nikaona kwamba anayajua hayo kuliko mimi, kwa kuwa ni yeye aliyekuja kuomba. Nikamwuliza habari za watoto. Akasema wa tatu yuko Bukoba mjini, ana bodaboda, na yule aliyekuwa mgongoni siku ile ni muuguzi.

Kisha akasema jua limekuwa kali, na kama ningeweza kumpatia maji. Nikachukua kikombe nikaenda kwenye mtungi. Ulikuwa mtupu. Nikachukua ndoo.